Je, Mkakao Unaweza Kukingwa kwa Kirusi Dhaifu?

Swali la msomaji: "Ndugu mtaalamu, mimi ni mwanafunzi wa kilimo. Nimesoma kwamba mkakao ukiambukizwa makusudi aina dhaifu ya kirusi cha ugonjwa wa kuvimba machipukizi, hupata kinga dhidi ya aina kali ya kirusi hicho, kama mtu anavyochanjwa. Ikiwa ni kweli, kwa nini Ghana inaendelea kukata mamilioni ya miti badala ya kuichanja? Na je, mkulima mwenye mti ulioishi na ugonjwa kwa miaka mingi bila kudhoofika hawezi kuchukua vikonyo vyake, yaani vipande vya tawi vya kupandikizia, akavibebesha kwenye miti mingine?"

Jibu: Kinga uliyoisoma ipo kweli, na si jambo jipya. Majaribio ya kwanza juu yake katika mikakao yalifanyika Afrika Magharibi katika miaka ya 1940, muda mfupi baada ya kuthibitishwa kwamba ugonjwa wenyewe unaletwa na kirusi. Hata hivyo kinga hiyo si kamili, haizuii kila kirusi kinacholeta dalili zilezile, na inamtaka mkulima akubali kuwa na kirusi hai ndani ya mti kwa maisha yote ya mti huo. Kwa sababu hizo, kwa maoni yangu, inafaa kutumika pale tu ambapo aina kali imekwisha kuenea kiasi cha kutoweza kung'olewa, na ni kosa kuipeleka mahali ambapo ugonjwa bado unaweza kuzuiwa kwa kukata miti michache. Kuhusu vikonyo vya mti unaoonekana kuuvumilia ugonjwa, jibu langu ni hapana, na sababu zake nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo mkulima mwenye nia njema anapoweza kuleta hasara kubwa kuliko ile anayojaribu kuiepuka.

Ugonjwa wa kuvimba machipukizi uliripotiwa mwaka 1936 katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, upande wa Jimbo la Mashariki. Mtafiti A. F. Posnette, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kakao cha Tafo kilichoanzishwa mwaka 1938, alionyesha kwa kubebesha vikonyo vya miti migonjwa kwenye miti mizima kwamba unaambukizwa na kirusi. Mti uliopatwa huonyesha wekundu kandokando ya vishipa vya majani machanga, wekundu ambao hufifia jani linapokomaa na kuacha mabaka ya njano. Machipukizi na mizizi huvimba, na matunda huwa madogo yenye umbo la mviringo. Si kila aina ya kirusi huleta dalili zote hizi, kwani zipo zinazoonekana kwenye majani peke yake. Katika miti ya Amelonado, ambayo ndiyo iliyojaza mashamba ya wakati ule, aina kali hupunguza mavuno kwa kiasi cha robo katika mwaka wa kwanza na nusu kufikia mwaka wa pili, kisha mti hufa ndani ya miaka michache, mara nyingi kati ya mitatu na mitano.

Kinachobeba kirusi kutoka mti hadi mti ni vidung'ata, wale wadudu wadogo waliofunikwa na unga mweupe kama nta. Spishi zaidi ya kumi zimeonyeshwa kuwa na uwezo huo, na inayoonekana zaidi katika mikakao ya Afrika Magharibi ni ile iliyozoeleka kuitwa Planococcoides njalensis. Kidung'ata hupata kirusi anapofyonza utomvu wa mti mgonjwa na hukipoteza baada ya muda mfupi. Kirusi hakizaliani ndani ya mdudu, wala mama hakirithishi kwa mayai. Wadudu hawa hutembea polepole kutoka tawi hadi tawi pale matawi ya miti jirani yanapogusana, na wachanga wao wepesi huweza kupeperushwa na upepo hadi mbali zaidi. Sisimizi, hasa wa jenasi ya Crematogaster, huwalinda kwa ajili ya majimaji matamu wanayoyatoa, na hata huwajengea vibanda vya udongo na mabaki ya mimea ambavyo dawa ya kunyunyizia haivipenyi. Ndiyo maana jitihada za kuwamaliza vidung'ata kwa dawa hazijawahi kuwa tegemeo la kuuzuia ugonjwa huu.

Jambo jingine la kushika mapema ni kwamba mti mkubwa ulioambukizwa leo unaweza kukaa miezi sita, na pengine hadi miaka miwili, kabla ya kuonyesha dalili yoyote. Katika muda huo vidung'ata wanaweza kuufyonza na kuendelea kueneza kirusi, huku mkulima akiuona mti wake kuwa mzima kabisa.

Sasa nirudi kwenye kinga yenyewe, ambayo nitaiita kinga mtambuka. Mwaka 1929 H. H. McKinney, akifanya kazi na kirusi cha mabatobato cha tumbaku, aliona kwamba mmea uliokwisha kupata aina iletayo mabatobato ya kijani hafifu haukuonyesha dalili za aina iletayo rangi ya njano ulipoambukizwa baadaye. Tangu hapo jambo hilohilo limeonekana katika mazao mengi: kirusi kilichotangulia kuingia na kuenea ndani ya mmea huzuia ndugu yake wa karibu asistawi humo. Maelezo yaliyokubalika zaidi siku hizi yanahusu ulinzi wa asili wa mmea dhidi ya RNA ngeni, RNA ikiwa ni nakala ya maagizo ya vinasaba. Kirusi cha mkakao hubeba DNA yenye umbo la duara, ya jozi za besi (herufi za vinasaba) 7,000 na ziada, na DNA hiyo inapofika kwenye kiini cha seli hunakiliwa kuwa RNA ndefu. Mmea huikatakata baadhi ya RNA hiyo kuwa vipande vifupi vya besi 21 hadi 24, kisha huvitumia vipande hivyo kuitambua na kuiharibu RNA yoyote inayolingana navyo. Aina kali inapoingia baadaye katika seli zilizokwisha kujaa vipande vya aina dhaifu, RNA yake hukatwa kabla haijafanya kazi, ilimradi mpangilio wake wa besi unafanana vya kutosha na ule wa kirusi kilichotangulia.

Ukiizingatia sharti hilo la kufanana, utaona kwa nini ulinganisho wa chanjo unapotosha. Chanjo ya binadamu huuachia mwili kumbukumbu, na kilichochanjwa chenyewe hutoweka au hakikuwa na uhai tangu mwanzo. Mkakao hauna chembe za damu za kuhifadhi kumbukumbu hiyo. Kinga yake hudumu kwa kuwa kirusi dhaifu kinaendelea kuishi na kuzaliana ndani yake, na mahali ambapo kirusi hicho hakijafika ndani ya mti, hapo hapana kinga. Inajulikana kwamba virusi vya mkakao havisambai kwa usawa katika mti mzima, na tawi moja linaweza kuwa na kirusi kingi huku jingine likiwa na kidogo sana. Kidung'ata mwenye aina kali akifika kwenye tawi la pili, anakuta njia iko wazi. Kwa sababu hiyo inafaa mche uambukizwe ukiwa mchanga sana, ili kirusi dhaifu kikue pamoja nao na kuingia katika kila tawi jipya, na upewe miezi ya kutosha kabla ya kupelekwa shambani kwenye hatari.

Majaribio ya mkakao yalianza kwa S. H. Crowdy na Posnette, waliochapisha mwaka 1947 uchunguzi wa kinga kati ya virusi walivyoviita 1A, 1B na 1C. Aina ya 1A, ambayo pia huitwa New Juaben, ndiyo kali iliyokuwa ikiangamiza mashamba ya Jimbo la Mashariki. Mwaka 1955 Posnette na J. M. Todd walieleza kwamba ndani ya maeneo yenye 1A hupatikana pia aina dhaifu za kirusi hichohicho, na kwamba miti iliyotangulizwa aina hizo ilipata ulinzi wa kiasi fulani. Miongo kadhaa baadaye watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kakao ya Ghana, ambayo ndiyo mrithi wa kituo cha Tafo, walizipeleka shambani aina dhaifu mbili zinazotajwa zaidi, N1 na SS365B, ili kuona zingefanya nini mbele ya 1A inayosambazwa na vidung'ata kwa njia ya kawaida. Waliona kwamba kuenea kwa aina kali kulipungua kasi na dalili zake zikawa hafifu kuliko katika miti isiyokingwa, lakini aina kali haikuzuiwa kabisa. Baadhi ya miti iliyokingwa iliishia kushikwa nayo.

Matokeo hayo nayathamini sana, na sikubaliani na wanaoyaita kushindwa. Kwa mkulima ambaye shamba lake lingekufa ndani ya miaka mitano, kucheleweshwa kwa ugonjwa ni mavuno halisi ya misimu kadhaa. Lakini ni lazima yapimwe pamoja na gharama yake, kwa kuwa hata kirusi dhaifu hula sehemu ya nguvu ya mti, na kiasi kinacholiwa hutegemea aina ya mkakao uliopandwa. Kirusi kinachoonekana kuwa mpole katika mkakao wenye uvumilivu kinaweza kuwa kikali kikifika kwenye Amelonado.

Tatizo zito zaidi, na ambalo lilikuwa halijaonekana vizuri wakati wa Posnette, ni wingi wa virusi vyenyewe. Mfuatano kamili wa DNA wa kirusi hiki ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993 kutokana na sampuli ya Agou, Togo. Tangu vipimo vya vinasaba vilipokuwa rahisi, sampuli za Ghana, Togo, Côte d'Ivoire na Nigeria zimeonyesha kwamba kinachoitwa kwa jina moja la ugonjwa ni kundi la spishi kadhaa za jenasi ya Badnavirus. Wanaoainisha virusi vya jenasi hii huvihesabu kuwa spishi tofauti pale besi za sehemu fulani ya DNA yao zinapotofautiana kwa zaidi ya asilimia 20. Tofauti ya kiasi hicho inatosha kuzifanya RNA za kirusi kimoja zisitambuliwe na vipande vya kingine. Maana yake ni kwamba mti uliolindwa vizuri dhidi ya 1A unaweza kuwa wazi kabisa kwa kirusi kingine kilichoko katika kijiji cha jirani, huku macho ya mkulima yakiona uvimbe uleule na wekundu uleule wa majani. Na katika mashamba mengi virusi viwili au zaidi huishi pamoja ndani ya mti mmoja.

Funzo la jambo hili limekwisha kuonekana katika mpapai. Katika miaka ya 1980 S.-D. Yeh na D. Gonsalves walitengeneza aina dhaifu ya kirusi cha madoa ya pete cha mpapai, iliyopewa jina HA 5-1, kwa kuitibu aina ya Hawaii kwa asidi ya nitrasi. Ilikinga vizuri dhidi ya kirusi cha Hawaii ambako ilitoka, lakini ilipopelekwa Taiwan na Thailand matokeo yalikuwa hafifu na yenye kubadilika, kwa kuwa virusi vya huko havikuwa ndugu wa karibu. Aina dhaifu ya Ghana isitegemewe kufanya kazi Côte d'Ivoire kabla haijapimwa mbele ya virusi vya Côte d'Ivoire, tena katika eneo lilelile inakokusudiwa kutumika.

Unaweza kuuliza kwa nini basi kinga hiyohiyo ilifaulu kwa kiwango kikubwa katika michungwa. Brazil ilipoteza mamilioni ya michungwa kwa kirusi cha tristeza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na kuanzia miaka ya 1960 G. W. Müller na A. S. Costa walionyesha kwamba mchungwa wa Pêra wenye aina dhaifu teule ulistahimili. Hatimaye makumi ya mamilioni ya miti ilipandwa ikiwa na kinga hiyo. Ukiutazama mfano huo kwa makini utaona mambo mawili ambayo mkakao wa Afrika Magharibi hauna. La kwanza, mchungwa huzalishwa kwa kubebesha. Ukipata mti mama mmoja wenye aina dhaifu iliyo thabiti, kila kikonyo unachokikata hubeba kirusi hicho, na kitalu hakina kazi ya ziada. Mkakao wa Afrika Magharibi kwa sehemu kubwa huoteshwa kwa mbegu, na mbegu haitegemewi kubeba kirusi hiki kutoka kwa mama kwenda kwa mche. Hali hiyo ni neema kubwa kwa usafi wa vitalu, lakini kwa kinga mtambuka ni mzigo, kwa sababu kila mche mmoja mmoja lazima uambukizwe kwa mkono, ama kwa vidung'ata waliolishwa kwenye mti wenye aina dhaifu, ama kwa kubebesha kipande cha mti huo. Kwa nchi inayogawa miche kwa mamilioni, kazi hiyo inahitaji watu wenye ujuzi, vyumba visivyoingilika na wadudu wa nje, na upimaji wa kuhakikisha kwamba aina iliyoingia ndiyo iliyokusudiwa.

La pili lina uzito zaidi. Brazil haikuwa na mahali pa kukimbilia, kwa kuwa tristeza ilikuwa imeenea kote na kung'oa miti kusingesaidia. Kuongeza kirusi dhaifu katika hali kama hiyo hakukuharibu mpango mwingine wowote. Ghana ilikuwa na mpango mwingine, na mpango huo unategemea macho. Wakaguzi hupita shambani wakitafuta dalili. Wakiuona mti mgonjwa huukata pamoja na jirani zake ambazo huenda zimeambukizwa bila kuonyesha. Kwa utaratibu uliotumika Ghana, kama miti yenye dalili haifiki kumi, hukatwa pia miti yote iliyo ndani ya mita 5 kutoka kwayo. Ikiwa ni kati ya kumi na mia, mita 10. Ikizidi mia, mita 15. Eneo hilo hukaguliwa tena na tena, kwa kuwa miti mingine hujitokeza baadaye. Ukitia kirusi dhaifu katika mashamba ya namna hii unamnyima mkaguzi uwezo wa kujua anachokiona. Wekundu hafifu kwenye jani changa ni wa aina dhaifu uliyoitia, au ni mwanzo wa 1A? Hata kipimo cha vinasaba kitasema kwamba kirusi kipo, na ni kipimo cha kutofautisha aina na aina peke yake kitakachokuambia ni kipi. Vidung'ata nao hawabagui: aina dhaifu uliyoiweka katika shamba moja itahamia shamba la jirani ambaye hakuiomba, na ambaye huenda amepanda mikakao isiyoivumilia.

Naelewa kwa nini wakulima wengi huipenda fikra ya kinga mtambuka, na sidhani kwamba ni haki kuwalaumu. Ukataji wa lazima ulianza kutekelezwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1946, na mkulima aliona miti yake, mingine ikiwa ingali na matunda, ikianguka kwa amri ya serikali ya kikoloni. Hasira hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa na Tume ya Watson iliyochunguza ghasia za Accra za mwaka 1948. Tangu wakati ule miti zaidi ya milioni 200 imekatwa nchini Ghana, na bado ugonjwa upo. Mtu anaweza kusema kwamba idadi hiyo yenyewe ni ushahidi wa kushindwa kwa ukataji. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Ukataji hufaulu pale mlipuko unapogunduliwa ukiwa mdogo na kuondolewa kikamilifu, miti ya pembeni ikiwamo. Huvunjika pale unapositishwa kwa sababu za kisiasa au za fedha, pale mkulima anapoficha miti kwa kuwa fidia haitoshi au haifiki, na pale miche mipya inapopandwa katikati ya mashamba ya zamani yenye ugonjwa. Côte d'Ivoire iliona mfano wake wa jambo hili: ugonjwa ulijulikana mashariki mwa nchi tangu miaka ya 1940, kisha mwaka 2003 ukajitokeza kwa nguvu katikati ya nchi, upande wa Bouaflé na Sinfra, katika ukanda wa mashamba yaliyokuwa yakitegemewa sana.

Mahali ambapo ningeunga mkono kinga mtambuka ni yale maeneo ambayo Ghana yenyewe iliyatenga kuwa ya maambukizo makubwa, hasa katika Jimbo la Mashariki, ambako kirusi kimetapakaa kiasi kwamba kukata mti mmoja mmoja hakuna maana, na mkakati ukawa kuzuia ugonjwa usivuke mpaka wa eneo. Humo kirusi kinachotawala kinajulikana, aina dhaifu zilizopimwa ni ndugu zake wa karibu, na hakuna mkaguzi anayetegemea kutoona dalili yoyote. Hata humo, miche iliyokingwa inapaswa kuwa ya mikakao mahuluti yenye damu ya mikakao ya Amazon ya juu, ambayo Posnette aliiingiza Tafo kutoka Trinidad mwaka 1944 na ambayo huustahimili ugonjwa vizuri kuliko Amelonado. Uvumilivu wa mti na kinga ya kirusi dhaifu husaidiana. Kimoja kikitumika peke yake hakitoshi, na nafikiri makosa mengi ya mjadala huu yametokana na kuvipima kimoja kimoja.

Shamba jipya pia litengwe na mikakao ya zamani kwa ukanda wa upana wa mita 10 hivi, uliopandwa zao lisilobeba kirusi hiki. Michikichi, michungwa na mibuni imejaribiwa kwa kazi hiyo na inafaa, kwa kuwa kidung'ata anayetambaa polepole kwenye mti usio na kirusi hupoteza kile alichokibeba kabla hajafika upande wa pili, na mkulima bado anavuna kitu kwenye ukanda huo. Miti ya msituni iliyo jamaa ya mkakao ni hatari ya aina yake: Cola chlamydantha, msufi na mbuyu yote imethibitishwa kuwa inaweza kuhifadhi virusi hivi, na inaaminiwa kwamba kirusi kilikuwa katika miti ya namna hiyo kabla mkakao haujaletwa Afrika kutoka Amerika. Katika miaka ya karibuni watafiti wa hisabati nao wameingia katika kazi hii, wakikokotoa umbali ambao miti inapaswa kuachana ili kidung'ata ashindwe kuvuka, na mahali ambapo miche iliyokingwa ingepangwa kuzunguka ile isiyokingwa. Hesabu hizo zinasaidia kupanga, ingawa zinasimama juu ya dhana kwamba kinga ya kila mche inajulikana, na hilo ndilo linalohitaji kuthibitishwa shambani kwanza.

Nimeacha mwisho swali lako la mti ulioishi na ugonjwa miaka mingi. Kuna sababu angalau nne zinazoweza kuufanya mti uonekane hivyo, na ni moja tu kati yake ambayo ingekufaa. Huenda kweli umebeba aina dhaifu. Huenda umebeba aina kali lakini wenyewe ni mvumilivu kwa nasaba yake, na hapo kikonyo chake kikibebeshwa kwenye mti usio na uvumilivu huo kitaua. Huenda maambukizo yake ni ya karibuni kuliko unavyodhani, na dalili ulizoziona miaka ya nyuma zilitokana na ukosefu wa madini kwenye udongo, ukame au wadudu wengine. Au huenda mti una virusi viwili, kimoja dhaifu kikikizuia kingine ndani ya tawi uliloliangalia, huku tawi la pili likiwa na hali nyingine. Dalili za majani huja na kuondoka kufuatana na machipuo mapya, kwa hiyo hata mkaguzi mzoefu akiutazama mti katika msimu usiofaa anaweza kuuona msafi. Kikonyo kinapobebeshwa hakichagui. Huhamisha kila kilichomo ndani ya mti mama, na kwa kuwa utomvu huingia moja kwa moja kwenye mti mpya, hakuna njia ya maambukizo iliyo ya uhakika kuliko hiyo. Posnette aliitumia kwa sababu hiyohiyo alipotaka kuthibitisha kwamba ugonjwa ni wa kirusi.

Mtafiti anayetafuta aina dhaifu hupita njia ndefu zaidi. Huchukua sampuli, huiambukiza miche ya Amelonado ambayo huonyesha dalili upesi, huifuatilia kwa vizazi kadhaa vya uhamishaji ili kuona kama kirusi kitabadilika kuwa kikali, husoma vinasaba vyake, kisha huipambanisha na aina kali kwa vidung'ata na kwa kubebesha, na mwishowe hupima mavuno shambani kwa miaka. Sampuli nyingi huanguka njiani. Kwa hiyo ikiwa unaujua mti wa namna uliyoieleza, thamani yake ni kubwa, lakini thamani hiyo itapatikana kwa kuwaalika watafiti wa taasisi ya kakao ya nchi husika waje wachukue sampuli wenyewe, mti ukiwa umesimama palepale ulipo, bila kukatwa kikonyo hata kimoja cha kupeleka kwingine.

Hili lina uzito zaidi kwa vikonyo vinavyovuka mipaka. Virusi vya mkakao haviko Afrika Magharibi peke yake: Trinidad ina virusi viwili vya jenasi hiyohiyo vilivyojulikana tangu miaka ya 1940, na kimojawapo, kinacholeta mabatobato hafifu, kimeonekana katika miaka ya karibuni huko Puerto Rico na Indonesia pia. Dalili zake ni hafifu mno kiasi kwamba kilisafiri bila kutambuliwa. Ndiyo sababu mikakao ya mbegu bora inayobadilishwa kati ya nchi hupitishwa katika kituo cha karantini cha kimataifa kilichoko Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ambako vikonyo hubebeshwa kwenye miche ya Amelonado na kuangaliwa kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Mtu anayekuahidi vikonyo vya mti "uliochanjwa" kutoka nchi nyingine, bila cheti cha kupitia njia hiyo, anakuletea kirusi kilicho hai, na wewe hutakuwa na namna ya kujua ni kirusi gani mpaka mikakao yako ianze kuonyesha dalili.